Nimeitwa usaili wa udaktari, na ulimi unakufa ganzi

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 19. Nilihamia Uingereza kutoka Unguja nikiwa na miaka 13. Mwaka jana niliomba kusomea udaktari, chuo kimoja kikaniita kwenye usaili, kisha kikanikataa. Maelezo waliyonirudishia yalikuwa mistari miwili tu: majibu mafupi mno, na mwombaji haonyeshi namna anavyofikiri. Nikapumzika mwaka, nikapata kazi siku tatu kwa wiki katika nyumba ya kulelea wazee, na safari hii nimeitwa na vyuo viwili. Kimoja kina usaili wa vituo, wenyewe wanauita MMI: vituo 8, dakika 2 za kusoma swali mlangoni na dakika 6 ndani. Kingine ni wa mtandaoni, wasaili wawili, dakika 25. Wa vituo umebakisha wiki 4, wa mtandaoni unafuata siku 10 baadaye.

Nimekusanya maswali 60, nimeyaandikia majibu na ninayakariri usiku. Nikiwa peke yangu nayatiririsha. Mtu akiniuliza swali lile lile kwa maneno mengine kidogo, ulimi unakufa ganzi. Mama anasema nisijisifu mbele ya watu wazima: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Baba anataka nirudie biolojia yote, na ameona tangazo la kozi ya wikiendi ya kulipia, anataka kunilipia.

Nina maswali matatu mengine. Tangu nikiwa na miaka 14 nimekuwa nikimtafsiria bibi kwa madaktari, ana sukari na presha. Rafiki yangu anasema hilo si uzoefu wa hospitali, nisilitaje. Ni kweli? Pili, mimi ni Mwislamu. Nikiulizwa kuhusu kutoa mimba nijibu nini bila kusema uongo na bila kujiharibia? Tatu, lafudhi yangu bado ni ya kwetu. Wataniona sifai?

Mwenye hofu, Leicester

JIBU

Marahaba, mwanangu. Ile mistari miwili uliyorudishiwa ina thamani kuliko majibu yako yote 60. Waliokukataa hawakusema hujui. Walisema hawakuona unavyofikiri. Hayo ni maradhi mawili, na dawa zake hazifanani. Kukariri kunazidisha hilo la pili, kwa kuwa jibu la kukariri limekwisha kupikwa chumbani kwako. Msaili anapakuliwa sahani, jiko hakuliona. Na swali likigeuzwa kidogo, unabaki unatafuta ukurasa kichwani badala ya kulijibu. Ndiyo ganzi hiyo.

Ujue kinachofanyika upande wa pili wa meza. Usaili wa vituo ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu usaili wa jopo moja ulitegemea mno bahati: msaili gani amekuangukia, na swali gani limemjia. Wakaukata vipande. Kila kituo kina mpimaji wake na alama zake, na mpimaji wa kituo cha 3 hajui ulivyoboronga cha 2. Mara nyingi hana hata fomu yako ya UCAS, ile ya kuombea chuo, mbele yake, kwa hiyo "kama nilivyoandika kwenye maelezo yangu" ni sekunde ulizozitupa. Anaweza kuwa daktari, muuguzi, mwanafunzi wa udaktari au raia wa kawaida aliyefunzwa kazi hiyo. Mkononi ana karatasi yenye vipengele vichache: je, aliona pande zote za jambo, alitoa sababu, alimsikiliza aliye mbele yake, alijua mpaka wa uwezo wake? Anajaza alichokisikia. Ulichokiwaza ukakinyamazia hakina kisanduku kwenye karatasi ile.

Baba yako tusimlaumu. Tanzania na Kenya nafasi ya udaktari kwa kawaida hupatikana kwa alama za mtihani. Mtu anaitwa chuoni bila kuonana na yeyote. Kwa hiyo akisikia usaili anafikiri ni mtihani wa mdomo. Uingereza alama zako za A-level na za UCAT, mtihani wa kuombea udaktari, zimekwisha kufanya kazi yake: ndizo zilizokufikisha mlangoni. Vyuo vichache, Oxford na Cambridge hasa, huuliza sayansi kwa kina, na hivyo si vyuo vyako. Biolojia iache. Kozi ya wikiendi nayo iache. Inachouza ni maswali yale yale na majibu yale yale ya kukariri, ambayo ndiyo yaliyokuponza, na wapimaji huyatambua kwa sababu wameyasikia kwa watu kumi asubuhi hiyo hiyo.

Sasa dawa. Chukua yale majibu 60, yafungie kabatini. Badala yake tafuta matukio 8 ya kweli kutoka maishani mwako: matatu ya nyumba ya wazee, mawili ya shule, moja la kukosea, moja la kugombana au kutofautiana na mtu, na moja la bibi. Kila tukio liandikie kadi ndogo yenye maneno matano tu, si sentensi. Neno la mahali, la tatizo, la ulichofanya, la matokeo, la ulichojifunza. Ukiandika sentensi utaikariri, na ukiikariri tumerudi pale pale. Tukio moja linajibu maswali mengi: la mzee aliyekataa kuoga linajibu uvumilivu, linajibu heshima ya mgonjwa, linajibu kufanya kazi na wenzako, linajibu hata "niambie siku uliyoshindwa". Kazi yako ya mazoezi ni kulipindua tukio hilo hilo kuelekea swali tofauti kila mara.

Kwa urefu, lenga dakika moja na nusu hadi mbili kwa jibu la kwanza. Ukizungumza kwa mwendo wa kueleweka, hayo ni maneno kama 200 hadi 300. Mwaka jana ulikosa kwa ufupi. Usije mwaka huu ukakosa kwa urefu. Mpimaji ana maswali ya kuchimba ambayo nayo yana alama, na anayehubiri dakika tano mfululizo anamfungia mwenzake mlango. Katika hizo dakika mbili, mazingira yachukue sekunde 20 tu. Watu wengi humaliza dakika nzima wakieleza nyumba ya wazee iko vipi, ina vyumba vingapi, meneja ni nani. Ulichofanya wewe ndicho kichukue nusu ya muda, na ulichojifunza kipate si chini ya sekunde 30, kwa maana hapo ndipo "namna anavyofikiri" inapoonekana.

Na hapa tunakutana na mama. Methali yake ni ya kweli, lakini chema kinachojiuza kinajiuza sokoni kwa watu wanaokipita kila siku. Wewe una dakika sita na mtu asiyekujua. Kujieleza si kujisifu, na tofauti yake ni ya kisarufi kabisa: anayejisifu hutumia sifa, anayejieleza hutumia vitenzi. "Mimi ni mvumilivu sana na nina huruma" ni kujitembeza, na hakuna alama ndani yake. Linganisha na hili:

"Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa usahaulifu alikataa kuoga, akanisukuma mkono. Nilirudi nyuma, kwa sababu niliona anaogopa, hakuwa mkaidi. Nilimwambia mwenzangu mwenye cheo, nikarudi baada ya dakika 20, nikamwonyesha taulo mbili achague moja. Siku ile alikubali kunawa uso tu. Niliandika hivyo kwenye daftari lake bila kuongeza. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa naharakisha ratiba yangu, si mahitaji yake. Sasa naanza kwa kumuuliza."

Humo hamna sifa hata moja, na uvumilivu umeonekana. Mama hatakuwa na la kulalamikia.

Kuna mtego mwingine wa malezi yetu: "tu". Kwetu mtu mstaarabu husema "tulimsaidia mgonjwa" hata kama alikuwa peke yake, na ukihamia Kiingereza unaubeba wingi huo pamoja nawe. Mpimaji anabaki anajiuliza wewe ulifanya nini. Jirekodi kwa simu, kisha hesabu wingi huo. Wenzako watajwe kwa kazi zao, nawe kwa yako.

Tukio la bibi. Rafiki yako amekosea, na amekosea sana. Vyuo havitafuti aliyesimama pembeni ya chumba cha upasuaji. Vinataka aliyetazama huduma kwa karibu akaifikiria. Lakini litaje kwa uangalifu, kwa sababu lina pande mbili na waombaji wengi huona moja. Upande rahisi ni "nilimsaidia bibi, nikapenda udaktari". Upande wa pili ni kwamba hukupaswa kupewa kazi ile. NHS, huduma ya afya ya taifa, hutoa wakalimani bila malipo kwa mgonjwa, na mwongozo wake unapinga kutumia ndugu, watoto ndio kabisa. Kwa nini? Hapo ndipo una hazina ambayo mwombaji wa lugha moja hana.

Fikiria bibi anasema "mguu unawaka moto". Kwa Kiswahili mguu unaanzia nyongani hadi vidoleni. Kwa Kiingereza lazima uchague neno la wayo au la mguu mzima, na kwa mgonjwa wa sukari uchaguzi huo una uzito: moto wa nyayo unamfanya daktari afikirie mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari, maumivu ya shavu la mguu wakati wa kutembea yanamfanya afikirie mishipa ya damu iliyoziba. Mtoto wa miaka 14 anachagua neno kwa nusu sekunde, hajui kwamba amechagua uchunguzi. Ongeza aibu: je, bibi angemweleza daktari habari za mkojo au za siri zake mbele ya mjukuu? Ongeza huruma: je, daktari akisema jambo zito, mjukuu analifikisha zima au analipunguza makali? Na daktari hana namna ya kujua. Kwa hiyo ridhaa ya bibi inakuwa imejengwa juu ya maneno ambayo hakuna mtu mzima chumbani aliyeyahakiki.

Ukiyasema hayo kwa utulivu, kisha ukamalizia kwamba siku hizi, kwa mfano, unamwomba mapokezi amwekee bibi mkalimani wewe ukabaki kumshika mkono tu, umeonyesha usiri, ridhaa, usalama wa mgonjwa na mpaka wako mwenyewe, bila kutaja hata jina la kanuni. (Kama hujawahi kumwomba, usiseme umewahi. Mwombe wiki hii.) Usitaje jina la bibi wala hospitali. Wazee wa kazini hali kadhalika: hakuna jina, hakuna chumba, hakuna jina la nyumba. Mwombaji anayeeleza usiri ni nini huku akimtaja mgonjwa kwa jina hujinyonga kwa kamba yake.

Kwenye maswali ya maadili utawasikia watu wakizitaja nguzo nne: hiari ya mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki kwa wote. Zijue, lakini usizihesabu kwa vidole. Zitumie kama tochi. Mfano unaopendwa: msichana wa miaka 15 anamwomba daktari vidonge vya kuzuia mimba na hataki mama yake ajue. Anayekurupuka hujibu "siri ya mgonjwa" au "ni mtoto, mwite mama". Anayefikiri kwa sauti huanza na asichokijua: mpenzi wake ana umri gani, kuna kulazimishwa, anaelewa anachoomba? Kisha sheria. Tangu uamuzi wa kesi ya Gillick mwaka 1985, mtoto wa chini ya miaka 16 nchini England anaweza kuridhia matibabu mwenyewe ikiwa ana ufahamu wa kutosha wa jambo lenyewe. Daktari humshawishi azungumze na mzazi, lakini hamlazimishi. Usiri huvunjwa pale penye hatari, na chini ya miaka 13 mambo hubadilika kabisa kwa kuwa sheria haimtambui kuwa anaweza kuridhia tendo lenyewe. Halafu, na hili wengi hulisahau, utoe uamuzi. "Kuna pande nyingi" si jibu. Sema ungefanya nini, ungemshauri nani, na kipi kingekubadilisha mawazo.

Mgonjwa mtu mzima anayekataa damu kwa ajili ya dini yake ni swali la namna hiyo hiyo. Sheria ya mwaka 2005 ya uwezo wa kuamua, inayotumika England na Wales, inaanza na dhana kwamba kila mtu mzima ana uwezo huo mpaka ithibitike vinginevyo. Hupimwa kwa mambo manne: anaelewa, anakumbuka, anapima, anawasilisha. Akiwa nayo, ana haki ya kukataa hata kama uamuzi wake unakuuma.

Sasa kutoa mimba. Usiseme uongo, hakuna anayekutaka uukane uislamu wako kwenye kituo namba 5. Wanachokipima ni kama unajua tofauti ya imani yako na haki ya mgonjwa. Sheria ya mwaka 1967, inayotumika England, Scotland na Wales, inamruhusu mhudumu kutoshiriki kwa sababu ya dhamiri, isipokuwa pale inapohitajika kuokoa maisha ya mwanamke au kumkinga na madhara makubwa ya kudumu. Na Baraza la Udaktari, GMC, linamtaka daktari mwenye pingamizi amwambie mgonjwa kwamba ana haki ya kumwona daktari mwingine, ahakikishe amepata taarifa za kutosha za kumfikisha huko, na asimhukumu kwa neno wala kwa uso. Kwa hiyo unaweza kusema: nina imani yangu, mgonjwa hapaswi kuibeba, na hivi ndivyo ningehakikisha hacheleweshwi. Kucheleweshwa ndilo neno la kulikumbuka, maana katika jambo hili wiki zina uzito. Ukilitaja wewe kabla hujaulizwa, swali limekwisha.

Kituo cha mwigizaji kinaogopwa bure. Unaingia, kuna mtu ameketi, na karatasi ya mlangoni ilisema umemgonga paka wa jirani kwa gari wakati ukitoka na sasa unamweleza. Kosa la kwanza ni kuzunguka mbuyu: habari za hali ya hewa, za mtaa, dakika mbili zimekwisha. La pili ni kulidondosha kama tofali. Muombe mketi, mtayarishe kwa sentensi moja ("nina habari mbaya kuhusu paka wako"), sema neno lenyewe, amekufa, si "ametutoka", kisha nyamaza. Hapa tu ndipo kimya kina alama. Hesabu moyoni hadi tano. Akilia, usimkatize kwa maelezo. Akikasirika, usijitetee kwamba paka alikuwa barabarani. Omba radhi kwa ulilofanya, muulize anataka nini sasa. Waombaji wengi huanguka pale wanapojitolea kumnunulia paka mwingine kabla machozi hayajakauka. Wewe umelelewa katika jamii inayojua kutoa pole na kukaa na mfiwa bila maneno mengi; lete adabu hiyo hiyo.

Hesabu huwa nyepesi, ila hakuna kikokotoo. Mtoto ana kilo 16, dozi ni miligramu 15 kwa kila kilo, dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5. Ampe mililita ngapi? Sema kila hatua: 16 mara 15 ni miligramu 240, 240 ni mara mbili ya 120, kwa hiyo mililita 10. Kisha sema kwamba ungemwomba mtu wa pili aihakiki. Alama nyingine imo katika sentensi hiyo. Ukipewa grafu, soma kichwa chake, mihimili na vipimo kwa sauti kabla ya kusema inapanda au inashuka, na usidai kwamba kitu kimoja kimesababisha kingine kwa kuwa tu vimepanda pamoja.

Habari za NHS zisikuchoshe. Jua kwamba ilianza tarehe 5 Julai 1948, kwamba England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja inaendesha yake, na kwamba madaktari waliokuwa wakiitwa wadogo walibadilishiwa jina Septemba 2024, sasa ni madaktari wakaazi. Ukitumia jina la zamani hutafukuzwa, lakini utaonekana umesoma mwongozo wa kale. Kisha chagua jambo moja unalolijua kwa macho yako. Mpango wa miaka 10 uliotolewa Julai 2025 unataka huduma zihame kutoka hospitali kwenda kwenye jamii. Wewe unafanya kazi mahali wazee wanapopokewa wakitoka hospitali. Unajua mzee aliyepona anaweza kubaki kitandani kwa sababu nje hakuna wa kumpokea, na kitanda chake kinangojewa na mgonjwa mwingine. Lieleze hilo. Ni bora kuliko mambo kumi ya magazetini.

Utaulizwa pia kwa nini udaktari na si uuguzi. Usiwateremshe wauguzi hata kwa nusu neno. Huenda aliyekaa mbele yako ni muuguzi. Eleza unachokitaka katika kazi ya daktari: kutafuta chanzo cha ugonjwa, kubeba uamuzi wakati taarifa hazijakamilika, na kuwajibika kwa uamuzi huo.

Lafudhi haina kisanduku kwenye karatasi ya alama. Kueleweka kunacho. Punguza mwendo, na maliza maneno ya mwisho wa sentensi. Watu wengi wenye hofu humeza mkia. Usipolielewa swali, omba lirudiwe, hakuna adhabu. Kuhusu macho: kwetu kumkodolea mkubwa macho ni utovu wa adabu, lakini hapa anayetazama sakafu huonekana anaficha. Mtazame mpimaji unapoanza na unapomaliza sentensi, katikati macho yakitembea si neno. Usipopenda kushikana mkono na mtu asiye wa jinsia yako, weka mkono kifuani, tabasamu, sema habari za asubuhi. Basi.

Zile dakika 2 za mlangoni ndizo zinazopotezwa kuliko zote. Soma mara mbili. Mara ya kwanza tafuta wewe ni nani humo: mwanafunzi, daktari, rafiki, mfanyakazi wa duka? Watu hupewa nafasi ya mwanafunzi wakajibu kama daktari bingwa, wakaanza kuagiza dawa. Mara ya pili tafuta kitenzi: ueleze, ujadili, au uzungumze na mtu? Kisha tayarisha sentensi ya kwanza, basi, mengine yatafuata. Mwanzo mzuri kwa mtu wa ganzi kama wewe ni kuisema njia yenyewe: "Nina mambo mawili yananisumbua hapa, nianze na la mgonjwa." Umekwisha kuanza kufikiri kwa sauti kabla hujajua mwisho wake. Kikiharibika kituo, kiache kwenye kiti chake. Anayefuata hajakiona.

Ule wa mtandaoni ni wa jopo, na hapo fomu yako ya UCAS huenda wanayo, kwa hiyo isome tena neno kwa neno. Chochote ulichokitaja ni halali kuulizwa. Kamera iwe usawa wa macho, panga vitabu chini ya kompyuta. Tazama kamera unapozungumza, si sura yako. Usibandike karatasi pembeni ya skrini: macho yanayosoma yanajulikana kwa namna yanavyotembea kulia na kushoto. Weka simu yenye bando karibu kama mtandao wa nyumbani utakatika, na namba ya ofisi ya udahili iandikwe kwenye karatasi, si ndani ya kompyuta itakayozima. Pasipoti iwe mezani; huombwa kuthibitisha ni wewe.

Wiki ya 1: kadi 8, na kila siku dakika 40 za kujirekodi, maswali manne. Sikiliza rekodi siku inayofuata, si usiku ule ule, utajihurumia. Wiki ya 2: maadili na hesabu, pamoja na kusoma mwongozo wa GMC wa mwenendo mwema wa daktari, toleo lililoanza kutumika Januari 2024, ni mfupi. Wiki ya 3: watu. Tafuta watano wasiojuana, wawili kati yao wasijue lolote la tiba, na wabadilishe maswali wapendavyo. Mama awe jirani mwenye paka. Mama wa Kiunguja akiamua kulia, atalia kweli. Wiki ya 4: mizunguko miwili mizima ya vituo 8, siku mbalimbali, na siku mbili za mwisho hakuna mazoezi.

Mzunguko mzima ni saa moja na dakika chache, na unahitaji mtu wa saa. Kazi hiyo mpe baba. Akae mlangoni na simu: dakika 2, agonge mlango, dakika 6, agonge tena, hata kama uko katikati ya sentensi. Asisahihishe jibu lolote. Mwisho wa kila kituo akuulize jambo moja tu: "Kwa nini umesema vile?" Ukimjibu yeye bila kukwama, umekaribia.